Nazi Aliyoitupa Polangou

Huyu Polangou ninayemwandika hakuwa mtu wa kuandikwa. Hakuwahi kuwa mkubwa wa kitu chochote. Alichonga makasia, alisuka paa za majani ya sago, alizaa mabinti watatu ambao wote waliolewa mbali, na jino lake la mbele lilivunjika siku moja akipasua popoo ngumu. Basi. Kijijini kwetu Peresau, ukiuliza Polangou ni nani, watu walikujibu, "Yule wa nyumba ya mwisho, upande wa mkondo." Hata jibu lenyewe lilihusu nyumba kuliko mtu.

Mimi ni mtani wake. Mama yangu na baba yake walitoka tumbo moja, na hapa kwetu kisiwani Manus mtoto wa dada na mtoto wa kaka wana ruhusa ya kutukanana hadharani na mtu asinune. Nikimkuta kwenye ngazi yake nilimwambia, "Polangou, bado hujafa? Mbona makasia yako yamepinda kama miguu yako?" Naye hujibu, "Kaloi, nakungoja utangulie ukanitandikie mkeka." Ndivyo tulivyoamkiana maisha yetu yote. Lakini kuna jambo moja sikuwahi kumtania nalo mbele ya watu. Hilo ndilo ninaloliandika, na ninaliandika nimeinamisha kichwa.

Itabidi nirudi mwaka ule baada ya vita, Wamarekani walipokuwa wanafunga kambi yao na kwenda zao. Sisi tulikuwa vijana. Nyumba zetu zilisimama juu ya maji kwenye nguzo, kama zinavyosimama leo, na ndani ya kila nyumba, juu ya mlango, lilining'inia bakuli la mti, na ndani ya bakuli kichwa cha baba aliyekufa. Huyo ndiye aliyekuwa mzee wa nyumba. Mtoto akiugua, tuliuliza mzee amechukizwa na nini na nani amezini na mke wa nani. Samaki wakijaa wavuni, tulimshukuru yeye. Baba akifa, mwanawe ndiye aliyengoja mwili uishe, akakiosha kichwa kwa mikono yake mwenyewe, akakipandisha mlangoni.

Ndipo akarudi Sapau. Sapau alikuwa dobi wa askari kule kambini, mtu mwembamba, mpole, wa sauti ya chini, ambaye ukikaa naye ulisogea karibu ili umsikie. Alirudi na ganda la bomu lisilo na kitu ndani, akalitundika katikati ya kijiji likawa kengele, kisha akaanza kutusimulia alichokiona.

"Ndugu zangu," alisema, "nimefua mashati yao miaka miwili. Nimeyageuza ndani nje. Hayana dawa, hayana uchawi. Ni jasho tu, kama letu. Basi wana nini ambacho sisi hatuna? Wana mstari. Wanaamka kwa kengele, wananawa kwa mstari, wanakula kwa mstari. Na Jumamosi wanaingia mmoja mmoja kwenye hema la padri wao, wanamwaga yaliyo tumboni, wanatoka wepesi. Mtu aliyeficha neno ni mtumbwi uliojaa maji. Piga kasia mpaka mikono ikatike, hauendi."

Tukamsikiliza. Kisha akafika penyewe. Alisema baba zetu hawakufa ile ya kufa kabisa. Wako ng'ambo ya mwamba unaozunguka maji yetu, wanapakia meli. Wanapakia mabati na misumari na vitambaa, lakini mzigo mkubwa kuliko yote ni sheria ya watu kuishi pamoja bila kugombana, na watakuja wao wenyewe, na miili yao, tuwashike mikono. Wanataka kuja. Hawawezi.

"Mtu atasafirije," Sapau alituuliza, "nanyi kichwa chake mmekifunga mlangoni?"

Hata leo, nikikaa peke yangu na kibuyu changu cha chokaa ya kutafunia popoo, sina jibu.

Watu wa nje wakisikia habari hii hucheka. Wapo waliosema kwamba tulikuwa tunangoja mchele. Mchele! Sisi tulikuwa tunamngoja baba.

Hivyo tukawa Watu wa Mstari. Kengele ililia, tukaamka, ikalia, tukanawa. Kila Jumamosi asubuhi tuliingia jumba la mkutano tukapita mmoja mmoja kumwaga. Na kumwaga kulikuwa na sharti moja ambalo Sapau alilirudia mpaka tukaliota: kila mtu amwage lake. Ukilijua la mwenzako, limeze. Neno likimwagwa na mtu mwingine, alisema, halijatoka tumboni, limehama tumbo tu.

Ikafika asubuhi ya kuwafungua wazee. Kila mwana alishusha bakuli lake, akakifunga kichwa cha baba yake kwa kitambaa, na mitumbwi yote ikatoka kwenda kwenye mlango wa mwamba, kule maji yanapogeuka meusi. Sapau alisema tutupe, kisha tutazame mbele, asiwepo wa kutazama nyuma.

Sasa, Polangou. Wakati wa vita Wajapani walimchukua kuwabebea mizigo, na aliporudi mwaka umekwisha akakuta baba yake, mjomba wangu Kanau, amezikwa kwenye kisiwa kidogo cha mchanga. Hakumwona akiugua. Hakumwona akifa. Alichokipata ni kumwosha, basi. Alikaa naye mlangoni miezi minne tu, na katika miezi hiyo, aliniambia baadaye, walikuwa wameanza kuzoeana.

Asubuhi ile alichukua nazi kavu, akaifua makumbi, akaifunga kwa kitambaa chekundu. Kichwa cha baba yake akakiweka ndani ya chungu cha sago, akakiziba, akakipandisha juu kabisa ya dari.

Sisi ni watu wa majini. Mtoto wa miaka mitatu kwetu anajua kwamba nazi huelea. Lakini mtu mwenye jambo moyoni husahau hata jina la mama yake. Polangou akatupa, wenzake wakatupa, vichwa vikazama, na nyuma ya mtumbwi wake ile nazi ikaibuka imevaa kitambaa chake chekundu kama bibi harusi. Akaigonga kwa kasia, ikazama, ikaibuka upande wa pili. Mwisho akaiopoa akaikalia. Alirudi mpaka nyumbani ameikalia. Watu wote walikuwa wanatazama mbele, wanalia na kuimba, naye aliamini kwamba hakuna aliyemwona.

Tukangoja. Tulikuwa tumetupa pia unga wetu wa sago na vyungu vyetu vya zamani, maana mtu hampokei baba kwa vitu vya kale. Hatukwenda kuvua. Siku ya kwanza ilikuwa furaha, siku ya pili ilikuwa kimya. Siku ya tatu watoto walikuwa wamelala kwenye sakafu za nje, hawachezi, na Sapau akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Kuna neno moja limebaki. Linaziba mlango." Tukapanga mstari tena. Mimi nilimwaga vitu ambavyo hata leo naona haya kuvikumbuka. Zamu ya Polangou ilipofika alisema aliwahi kuiba popoo. Popoo zenyewe zilikuwa zangu, na nilishamsamehe.

Mstari ukaisha. Mlango wa mwamba ukabaki mtupu. Ndipo macho ya watu yakaanza kutafuta pa kutua, yakatua kwa Nyapeu.

Nyapeu alikuwa mke wa Tapo, binti mwenye kicheko kikubwa, aliyekuwa akipeleka mapapai kambini. Na alikuwa na sabuni. Hiyo ilitosha.

"Nyapeu," mwanamke mmoja akamwita, "hiyo sabuni yako ilikuja kwa miguu?"

"Nilipewa kwa mapapai, dada."

"Mapapai gani hayo! Mbona yetu yanaoza tu, hayageuki kuwa sabuni?"

"Labda yake yalikuwa yameiva vizuri," mwingine akasema, wakacheka kile kicheko cha watu wenye njaa.

Nyapeu hakucheka. Namkumbuka akitazama wale watoto waliolala. Akawatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Haya. Ni mimi. Nililala na askari. Pigeni kengele, watoto wapate kula."

Sapau akapiga kengele. Wanaume wakaenda kuvua, na jioni watu wakala. Tapo alichukua nyavu zake siku ileile akahamia kwa kaka yake. Meli haikuja. Wiki iliyofuata wakaja askari wa serikali ya wakati ule, wakamchukua Sapau, akafungwa miezi sita, na kijiji kikasema: neno lilichelewa kutoka, meli ikakata tamaa ikageuka. Ilibidi awepo wa kulaumiwa, naye alikuwa ameshajitaja.

Tangu hapo Nyapeu alikaa wa mwisho. Katika jumba la mkutano alikaa mlangoni, nyuma ya wanawake wote, na kwenye mstari wa chakula alikuwa mkia. Hakuna aliyemwambia akae pale. Hakuna pia aliyemwambia asikae.

Mimi kazi yangu ni chokaa. Nachoma matumbawe, nasaga, natia kwenye vibuyu, nazunguka nayo vijiji vyote vya pwani hii, maana popoo bila chokaa ni kutafuna kuni. Nalala popote. Mwaka wa kumi baada ya mambo yale nilikuwa kwa Polangou, mvua inanyesha, yeye amekwenda mtegoni, nami nikaona njaa. Nikapanda darini kutafuta sago. Nikashusha chungu, nikafungua, nikakutana uso kwa uso na mjomba.

Sikuogopa. Nilimfahamu kwa pengo lake la meno upande wa kushoto. Nikamwamkia. Wakati huohuo nikasikia mtumbwi unagonga nguzo, na Polangou akaingia anachuruzika maji.

"Kaloi, shuka."

"Nimemkuta mjomba."

"Najua umemkuta nani. Shuka."

Nikashuka. "Kwa hiyo siku ile ulitupa nini?"

"Nazi."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika nguzo. "Nazi! Mwana wa mjomba, umewatupia wazee nazi! Ndiyo maana hawaji, wanangoja uwapelekee na cha kukunia!"

Yeye hakucheka. Alikaa chini na maji yake, akasema, "Nyapeu anakaa mlangoni."

Kicheko changu kikafia palepale.

"Basi sema," nikamwambia.

"Nitasema."

"Lini?"

"Jumamosi."

Jumamosi hiyo ilichukua miaka thelathini na moja.

Ningependa kuandika kwamba nilinyamaza kwa kushika sharti la Sapau, kwamba la mwenzako limeze. Sivyo. Nilinyamaza kwa sababu mtu anayelala kwa watu hapendi kuwa mleta habari mbaya. Na niseme ukweli wote: kila nilipopita Peresau nilipanda darini kumwamkia mjomba, nikaona raha. Nilikuwa nakula haramu ile pamoja na Polangou, sahani moja.

Yeye aliishi nayo hivi. Kila Jumamosi alipanga mstari, akamwaga. Alimsengenya fulani. Alikasirika na mkwe. Aliona uvivu kengele ilipolia. Alitoa dagaa, papa akabaki ndani. Na kila mwaka wa pili alipanda juu ya nyumba ya Nyapeu kusuka paa upya, bila kuitwa.

"Polangou," Nyapeu humwambia kutoka chini, "paa langu halivuji."

"Litavuja."

"Basi si ungengoja livuje?"

"Nina majani yamezidi."

"Una majani mengi wewe," Nyapeu husema, na kuingia ndani. Nililisikia neno hilo mara nyingi na sikulitia akilini.

Sapau alizeeka. Alirudi kutoka jela hana sauti kabisa, akawa kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Polangou ndiye aliyempelekea samaki mpaka siku ya kufa. Alikaa kando ya mkeka, na mzee humuuliza, "Mwanangu, nilikosea wapi? Nilihesabu kila kitu. Nilikosea wapi?" Naye humwondolea miba ya samaki, asijibu. Mambo haya alinieleza mwenyewe, uso umeelekea ukutani.

Basi mwaka wa arobaini na moja nikafika Peresau na chokaa yangu siku ya Ijumaa. Nyapeu alikuwa anakohoa. Kikohozi chake kilisikika nyumba hadi nyumba juu ya maji. Binti yake amekuja na boti ya mashine kutoka mjini Lorengau kumpeleka hospitali, naye amekataa kuondoka kabla ya Jumamosi ya kumwaga, ataondoka Jumatatu. Nikamkuta Polangou kwenye ngazi, kasia mapajani, halichongi.

"Nyapeu anaondoka Jumatatu," nikasema.

"Nimesikia."

"Hatarudi. Kifua kile si cha kurudi."

"Nimesikia, Kaloi."

"Au unajipoza kwamba mavi ya kale hayanuki?"

"Yananuka," akasema. "Mimi ndiye ninayelala nayo."

Tukakaa. Nikamtengenezea popoo, akaikataa, na hilo sikuwahi kuliona.

"Wakinifukuza?" akauliza.

"Una miaka sabini. Wakufukuze uende wapi, ukaolewe?"

Midomo yake ilicheza kidogo. "Siwaogopi wao. Namwogopa yeye. Ataniangalia."

"Ndiyo, atakuangalia."

"Na Sapau kafa."

"Sapau kafa. Huyu bado. Akifa na huyu, utammwagia nani, samaki?"

Akalichukua kasia, akaanza kulichonga. Usiniulize kwa nini nilingoja mpaka Nyapeu akaribie kufa ndipo nikamsukuma mtani wangu. Nimejiuliza mwenyewe.

Jumamosi kengele ililia, ganda lilelile la bomu, limeliwa kutu pembeni. Siku hizi mkubwa wa Watu wa Mstari ni Benedik, mwana wa Sapau, aliyekuwa mwalimu wa shule. Habari ya meli haisemwi tena kwa sauti kubwa. Vijana wanakuja kumwaga kwa sababu ni vizuri kumwaga, na kwa sababu baadaye kuna chakula. Lakini sisi wazee bado tunakaa upande unaotazama mlango wa mwamba, na hakuna anayetuuliza.

Mstari ukaanza. Mwanamke mmoja akasema amemsema shemeji yake kwamba anapika sago kama gundi. Shemeji akajibu kutoka nyuma, "Na bado unaomba kuongezewa!" Watu wakacheka. Ndipo ikawa zamu ya Polangou.

Akasimama mbele. Akasema, "Mimi nilitupa nazi."

Watu wakacheka tena, wakidhani utani unaendelea. Yeye akangoja. Kicheko kikapungua, kikabaki kwa watu wawili, kwa mmoja, kikaisha.

"Siku ile ya vichwa," akasema. "Nilitupa nazi. Baba yangu ninaye mpaka leo, yuko ndani ya chungu darini. Kama kulikuwa na neno lililoziba mlango, lilikuwa langu. Halikuwa la Nyapeu. Nilijua siku ileile, amesimama pale anajitaja, nami nimejua, na nikala samaki jioni ile." Akarudia, "Nikala kama wengine."

Nikasikia maji chini ya sakafu.

Benedik akamsogelea. "Baba yangu alikufa akijiuliza alikosea wapi," akasema. "Ulikuwa unakuja kumwona."

"Ndiyo."

"Ulimletea samaki."

"Ndiyo."

"Ukimtolea miba."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na ukanyamaza."

"Ndiyo."

Benedik hakuongeza neno. Afadhali angeongeza. Polangou alisimama pale mikono imening'inia, mzee wa miaka sabini kama mtoto aliyejikojolea mbele ya darasa, na sote tukatazama miguu yetu.

Ndipo kikohozi kikatoka mlangoni, kikadumu, kikatulia.

"Niliiona," Nyapeu akasema.

Watu wote wakageuka.

"Mtumbwi wetu ulikuwa nyuma ya wako. Sapau alisema tutazame mbele, na mbele yangu ulikuwa wewe. Niliona nazi imevaa kitambaa chekundu. Umeipiga kasia. Umeikalia." Akavuta pumzi. "Nilijua kabla hatujafika nyumbani."

"Mama," Benedik akasema, "miaka yote hii! Kwa nini hukusema?"

"Baba yako alitufundisha nini? Kila mtu amwage lake. Lile halikuwa langu." Akamgeukia Polangou, na akamwangalia, vilevile kama Polangou alivyoogopa. "Nilikuwa nakaa hapa mlangoni kila Jumamosi nakungoja. Nikikuona umesimama, nasema moyoni, leo. Unatoa popoo zako, unakwenda kukaa. Nasema, haya, Jumamosi ijayo. Ukaja kunisukia paa. Paa, Polangou! Mimi nilitaka neno, ukaniletea majani."

Polangou alifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Nami ninalo langu," Nyapeu akaendelea, "nilimwage nisiende nalo hospitali. Sikulala na askari. Sabuni ilikuwa ya mapapai. Nilisema uongo ili watoto wale, na kila nilipotaka kuufuta niliona mtaanza upya kutafuta mtu, na nilijua mtakayemtafuta hatajitaja. Basi. Limekwisha."

Yule mwanamke aliyemuuliza kama sabuni ilikuja kwa miguu alikuwa bado hai, mstari wa tatu. Alivuta kitambaa chake cha kichwa akajifunika mpaka kidevuni. Hakuwa peke yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimecheka siku ile. Sijasema hilo bado, nalisema sasa.

Nikasimama. "Nami nilijua," nikasema. "Tangu mwaka wa kumi."

Nyapeu akanitazama, akatikisa mkono kama anayefukuza nzi. "Wewe kaa, Kaloi. Wewe ulikuwa kifuniko cha chungu tu. Kifuniko hakiulizwi."

Watu wakacheka, wakashukuru kupata pa kuchekea. Nikakaa. Naapa, angenipiga kofi ningelala vizuri zaidi.

Benedik akashuka kutoka mbele, akaenda mpaka mlangoni, akainama. "Mama, inuka, uje ukae mbele."

"Aa, hapa nimepazoea. Upepo unaingia."

Akambembeleza, akakataa. Ikabidi Polangou atoke pale mbele apite katikati yetu sote. Hakurudi mahali pake. Alimpita Nyapeu, akavuka kizingiti, akaenda kukaa nje kwenye mbao, juani, mbele ya mlango.

"Polangou," Nyapeu akasema, "usinizibie upepo."

Akasogea pembeni.

Siku hiyo alikula wa mwisho, baada ya Nyapeu, na samaki aliyebaki alikuwa kichwa na mkia.

Kesho yake asubuhi Nyapeu akamwita kutoka mtumbwini. Aliketi katikati amejifunga shuka, binti yake anamgombeza kutoka juu kwamba baridi itamuua. "Inaniua tayari," akamjibu. Kisha, "Polangou! Kamlete baba yako."

Tukaenda watatu. Mimi nilipiga kasia nyuma. Polangou alimpakata Kanau mapajani, amemfunga kwa kitambaa kipya. Tulipofika mlango wa mwamba, pale maji yanapogeuka meusi, alikifungua kitambaa, akamtazama baba yake, akapitisha kidole gumba kwenye lile pengo la meno. Sikusikia alichomwambia. Kisha akainama akamwachia, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto.

Mjomba alizama mara moja. Tulitazama maji mpaka povu likaisha. Hakikuibuka kitu.

"Kanau alikuwa mtu wa kuchelewa hata alipokuwa hai," Nyapeu akasema. "Haya, sasa anaweza kwenda."

Hatukugeuza mtumbwi. Nikaweka kasia. Tulikaa tukitazama ng'ambo, jua linapanda, mrengu wa mtumbwi unapiga maji, na hakuna aliyesema kwamba tunangoja. Bahari ilikuwa tupu mpaka mwisho wake. Nikaona midomo ya Polangou inatikisika, na machozi yanashuka hayafuti.

Baada ya muda Nyapeu akakohoa, akasema, "Turudini. Nina njaa."

Aliondoka Jumatatu kwa boti ya bintiye. Alifia Lorengau wiki ya tatu, na walimrudisha tukamzika kisiwani. Polangou aliishi miaka miwili zaidi. Kila Jumamosi alikaa kule nje, pembeni ya mlango, hata mvua ikinyesha, na kwenye mstari wa chakula alikuwa mkia. Hakuna aliyemwambia akae pale. Hakuna pia aliyemwambia asikae. Nilikuwa Peresau alipokufa, nikamtandikia mkeka mimi, yeye aliyesema nitatangulia.

Siku hizi nikipita na chokaa yangu, ikiwa ni Jumamosi, naingia jumbani na wenzangu. Pale mlangoni hapana mtu, na nje pembeni hapana mtu. Kengele inalia, mstari unapangwa, na mimi huwekwa katikati, mahali pangu palepale pa zamani. Sijahama.